Jafari wa Harun Rashid na ukoo wake: watumishi wa khalifa au wenye nyumba?

#1 Mzigo wa Karanga
Wakuu, habari za jioni.

Namsomea binti yangu hadithi za Alfu Lela Ulela kabla hajalala. Juzi akanikatisha: "Baba, huyu Jafari kila usiku yuko na Harun Rashid wanazurura mjini. Kwani hana kwake?" Nikamwambia lala. Yeye akalala, mimi nikakesha natafuta.

Kumbe Jafari ni mtu wa kweli. Jafari bin Yahya bin Khalid, wa ukoo wa Barmak, kwao Balkh, ambayo leo ni kaskazini mwa Afghanistan. Babu yake Khalid alikuwa na Bani Abbas, ukoo wa makhalifa wa Baghdad, tangu mapinduzi yao yanapikwa kule Khurasani, mashariki mwa Uajemi. Baba yake Yahya ndiye aliyemlea Harun, na Harun alipokalia kiti mwaka 786 akamkabidhi muhuri, akamwachia mambo yote. Watoto wa Yahya nao wakagawana nchi: Fadhili huku, Jafari kule, Musa na Muhammad hawakukosa fungu. Miaka 17 hivyo. Halafu usiku mmoja wa Januari 803, khalifa ametoka kuhiji, Jafari anakatwa kichwa, mwili unapasuliwa na kutundikwa kwenye madaraja ya Baghdad. Yahya na Fadhili wakafia gerezani Raqqa, baba mwaka 805, mtoto mwaka 808.

Hoja yangu, na mnipinge: khalifa alikuwa muhuri tu. Serikali, na hiyo elimu ya Baghdad tunayoimbiwa kila siku, ilikuwa mikononi mwa familia chache za Kiajemi. Harun alipozinduka akakuta yeye ndiye mpangaji.

#2 Kijiwe Nongwa
Nimeweka kambi. Kahawa na kashata kwa bili ya mleta mada.

#3 Chuma Ulete
Mleta mada umechelewa, sisi tunalijua hili zamani. Hao Baramika walikuwa waabudu moto. Waliingia Uislamu mdomoni tu ili waule kwa ndani. Harun akashtuka, akawafyeka. Uzi ufungwe.

#4 Kalamu ya Tete
Chuma Ulete, usifunge kwanza. Moto hapo haupo. Waandishi kadhaa wa Kiarabu wa zamani waliandika kwamba Nawbahar ya Balkh ilikuwa hekalu la moto, na watu wakanakiliana karne kwa karne. Lakini Nawbahar ni nava vihara, Kisanskriti, maana yake nyumba mpya ya watawa. Wa-Budha hao. Xuanzang, mtawa wa Kichina, alipita Balkh miaka ya 630 akakuta mji una nyumba za watawa kama 100. Na "Barmak" si jina la mtu, ni cheo cha mkuu wa mahali pale, kutoka pramukha, yaani kiongozi.

Sasa mkuu wa hekalu la namna ile hakuwa mtu wa kukaa na tasbihi tu. Nawbahar ilikuwa na mashamba na wakulima wake, na wasafiri wa kwenda China na India walipita mlangoni. Kwa hiyo Khalid alipofika kwa Bani Abbas hakuja kama fukara mwenye bahati. Alikuja na kazi aliyoikuta kwao: kuhesabu mapato, kugawa, kupokea wageni wa lugha nne.

#5 Chuma Ulete
Moto au sanamu, hoja iko palepale.

#6 Kijiwe Nongwa
😂😂 Imehama mita mbili lakini iko palepale.

#7 Karani Mstaafu
Vijana, shikamoo ninazowadai nimeshazipokea. Mimi si mwanahistoria, nilikuwa karani wa masijala miaka 31. Niwaambie jambo ambalo vitabu havilioni.

Mwaka fulani aliletwa kwetu bosi mpya, kijana, digrii mbili. Akatangaza mafaili yote yapangwe upya kwa mfumo wake. Mzee mmoja wa masijala, darasa la saba, alikuwa ndiye pekee anayejua faili la kiwanja gani limeingizwa ndani ya faili la nani. Akaomba likizo ya ugonjwa. Wiki tatu ofisi nzima haikutoa hati hata moja. Bosi akaenda mwenyewe nyumbani kwa mzee na kilo mbili za sukari.

Nimesoma kisa cha Zadanfarrukh nikamwona mzee yule. Waarabu walipoiteka Iraki hawakuwa na watu wa kutoza kodi ya ardhi. Wakawaacha makarani walewale wa wafalme wa Kisasani, watawala wa Uajemi wa kabla yao, na vitabu vya kodi vikaendelea kuandikwa Kiajemi kwa zaidi ya miaka 50. Vijijini hali ileile: madihkani, mabwana shamba wa zamani, ndio waliokusanya na kupeleka. Hajjaj, gavana wa Iraki, mtu aliyetisha kuliko wote, alikuwa hawezi kujua kaingiza kiasi gani bila Zadanfarrukh, mkuu wa makarani hao.

Zadanfarrukh alikuwa na msaidizi, Salih bin Abdurrahman, mtoto wa mateka wa Sijistani. Siku moja bosi akajigamba: Hajjaj hana wa kumfanyia hesabu isipokuwa mimi. Salih akamjibu, mimi nikitaka naweza kuzigeuza hesabu hizi kwa Kiarabu. Jaribu mistari michache nione. Akajaribu, ikawezekana! Yule bwana akamwambia jifanye mgonjwa. Hajjaj akatuma tabibu, tabibu hakuona ugonjwa. Zadanfarrukh akawaambia wenzake watafute riziki nyingine.

Baadaye Zadanfarrukh akauawa kwenye fitina za uasi wa Ibn al-Ash'ath, Salih akapewa kiti, akapewa na amri ya kugeuza. Balazuri, mwanahistoria wa karne ya 9, anasimulia kwamba makarani wa Kiajemi walimpa dirhamu 100,000 aseme tu kwamba kazi imemshinda. Akakataa. Mtoto wa Zadanfarrukh akamlaani: Mungu akukate mzizi kama ulivyoukata mzizi wa Kiajemi.

Kwa hiyo mleta mada, si damu, wala si njama. Ni masijala. Anayejua faili liko wapi ndiye serikali.

#8 Kalamu ya Tete
Mzee, heshima. Naongeza kidogo: Khurasani walichelewa zaidi, huko vitabu vilihamia Kiarabu mwaka 742. Na kinachochekesha, lugha ilipobadilika makarani hawakubadilika. Walijifunza Kiarabu kuliko Waarabu wenyewe. Jahiz, mwandishi wa Basra, aliwachukia mno makarani hawa: kijana akishika kalamu na kuvaa mikono mipana, anaanza kutaja hekima za Ardashiri na Buzurgmihri, mfalme na waziri wa Uajemi wa kale, kana kwamba dunia haina mwingine.

#9 dogo_wa_kata
Samahani wakuu. Hiyo "diwani" ya makarani ndiyo diwani wetu wa kata??? Yule anayeahidi kalvati tangu uchaguzi uliopita?

#10 Karani Mstaafu
Ndiyo, mwanangu. Neno la Kiajemi, likaingia Kiarabu kama daftari la askari na kodi, kisha ofisi, kisha baraza, na kwetu pwani likawa mtu mkubwa wa mji. Diwani ya mashairi ni hilohilo. Hata serikali asili yake sarkari, Kiajemi. Daftari lilianzia kwa Wayunani likapitia hukohuko. Kalvati halimo.

#11 Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo tukiondoa Uajemi tunabaki na kalvati tu. Na lenyewe halijajengwa.

#12 Ustadh wa Kuze
Assalamu alaikum. Hilo la kodi mwalijua nyinyi watu wa ofisi. Mimi naja kwa mlango wa elimu.

Sote tuliosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, chuoni twamjua Sibawayhi. Mwajemi wa Baydha, karibu na Shirazi, na kitabu chake ndicho mama wa sarufi ya Kiarabu. Sasa kaangalieni alikoanguka. Alikuja Baghdad akakutanishwa na Kisai, mwalimu wa watoto wa khalifa. Barazani kwa nani? Kwa Yahya bin Khalid al-Barmaki. Mas-ala ilikuwa ya nge na nyigu: nilidhani nge auma zaidi ya nyigu, kumbe "yeye ni yeye", je, tamko la mwisho liwe la rafu'u (umbo la mtenda) au la nasbu (umbo la mtendwa)? Sibawayhi akasema ni rafu'u tu. Kisai akasema zote zafaa. Wakaitwa mabedui waliokuwa mlangoni watoe ushahidi, wakamuunga mkono Kisai. Wako wasemao walitiwa kitu mfukoni. Yahya akampa Sibawayhi fedha, akarudi kwao Uajemi, akafa akiwa bado kijana.

Hebu mzingatie mandhari: Mwajemi ashindana na mtu wa mji wa Kufa mwenye asili ya Kiajemi vilevile, mbele ya waziri aliyetoka Balkh, juu ya Kiarabu cha mabedui, na mabedui wamengoja nje wakiitwa wanaingia. Mimi kila nikiisomesha mas-ala hii nacheka peke yangu.

#13 Bint Shangani
Ustadhi, lakini hapo si umemsaidia anayepinga? Yahya hakumpendelea Mwajemi mwenzake. Angekuwa anaendesha chama cha Waajemi, Sibawayhi angetoka bingwa.

#14 Ustadh wa Kuze
Wallahi hapo umenishika, bint. Lakini Kisai alikuwa mtu wa nyumba ya khalifa. Huenda Yahya alitazama upepo.

#15 Mzigo wa Karanga
Naona naliwa taratibu, lakini hoja ya elimu siiachi. Ibn Nadimu, aliyeorodhesha vitabu karne ya 10, anaandika kwamba wa kwanza kushughulikia Almajesti ya Ptolemeo, kitabu cha falaki cha Kiyunani, itafsiriwe alikuwa Yahya huyohuyo. Tafsiri ya kwanza haikumridhisha, akaipeleka kwa wengine. Alimtuma mtu India alete dawa za mitishamba na aandike dini za kule. Kitabu cha tiba cha Sushruta kilifasiriwa kwa amri yake na Manka, tabibu wa Kihindi. Kwake kulikuwa na vikao vya mjadala ambako Mu'tazila, Shia, Khawariji, hata asiye Mwislamu, walikaa pamoja. Mas'udi, mwanahistoria wa karne ya 10, anasimulia kikao kimoja ambacho mada ilikuwa mapenzi! Na Fadhili, Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14, anampa yeye sifa ya kuanzisha utengenezaji wa karatasi Baghdad. Bila karatasi ya bei nafuu hakuna vitabu. Tungebaki na ngozi za mbuzi na mafunjo.

#16 Bint Shangani
Karatasi ilikuwapo Samarkandi kabla Fadhili hajazaliwa. Hakuivumbua.

#17 Mzigo wa Karanga
Sikusema kaivumbua. Kaileta ofisini.

#18 Karani Mstaafu
Na hapo ndipo penye akili. Andiko la ngozi ukilikwangua linaandikika upya, hujui. Karatasi ukiikwangua inaonyesha. Mtu wa hesabu ataipenda kwa hilo kwanza, elimu baadaye. Hata Khalid, babu mtu, anatajwa kuwa ndiye aliyeamuru hesabu za diwani zifungwe kitabu badala ya kurasa moja moja zinazopotea. Mimi ningemjengea sanamu.

#19 Chuma Ulete
Sanamu tena. Nilisema mimi.

#20 Mtoto wa Ruwi
Salamu kutoka Maskati. Nasoma tangu mwanzo, mmeacha kitu ambacho bibi yangu angekianza nacho: maziwa.

Khayzurani, mama wa Harun, na mke wa Yahya, mama wa Fadhili, walizaa karibu wakati mmoja, wakabadilishana watoto kuwanyonyesha. Kwa hiyo Fadhili na Harun ni ndugu wa kunyonya. Harun alikuwa akimwita Yahya "baba". Khalifa Hadi, kaka yake Harun, alipotaka kumtoa mdogo wake huyo kwenye urithi ili aweke mtoto wake, Yahya ndiye aliyesimama akakataa, akatiwa ndani. Hadi huyo akafa ghafla mwaka 786, Yahya akatoka gerezani hadi kiti cha uwaziri.

Kwetu hapa, na kwenu Unguja najua ni hivyo, mtu wa maziwa anaingia jikoni bila hodi. Huyo si karani wala si chama. Ni mtu wa ndani. Faili analijua kila mtu aliyesomeshwa, lakini mangapi ya ndani anayajua karani?

#21 Bint Shangani
Na kuingia bila hodi ndiko kulikowaponza, ndugu yangu. Tabari, mwanahistoria wa zamani, ana riwaya kutoka nyumba ya Jibrili bin Bukhtishu, tabibu wa Harun. Jibrili yuko na khalifa, Yahya anaingia kama kawaida yake, anasalimu, anaitikiwa kwa ubaridi. Harun anamgeukia tabibu: kwako wewe, kuna anayeingia bila idhini? Hapana. Basi mbona kwangu watu wanaingia tu? Yahya akasimama akajieleza, kwamba kwa miaka yote khalifa mwenyewe ndiye aliyemruhusu, wakati mwingine amemkuta hata kitandani, na kama mambo yamebadilika basi awekwe kwenye daraja lolote analotaka khalifa. Harun akaona haya, akainamisha macho.

Mtu ambaye juzi alikuwa baba. Mie kisa hichi kinanitisha kuliko madaraja.

#22 dogo_wa_kata
Mie nilisikia aliuawa kwa ajili ya mapenzi. Dada yake Harun, Abbasa. Harun aliwaozesha kwa jina tu ili wakae wote barazani bila kuvunja sheria, akawakataza kugusana. Wakagusana. Mtoto akapatikana, akafichwa Makka.

#23 Kalamu ya Tete
Hiyo ndiyo tamu, na ndiyo Ibn Khaldun alikaa akaitupa. Alisema binti wa ukoo ule, karibu mno na enzi za Mtume na ubedui wa Waarabu, hangeenda na mtu wa mawali, wasio Waarabu waliojiunga na makabila ya Kiarabu, namna hiyo, na kwamba wauzaji wa hadithi walipenda kuwavisha wakubwa uchafu wao. Sababu yake yeye: walijimegea dola na kufungia mapato, hadi Harun akawa anaomba fedha kidogo asipate. Nyadhifa za kalamu na za upanga zilijaa watoto wa Yahya na watu wao.

#24 Bint Shangani
Ibn Khaldun alizaliwa zaidi ya miaka 500 baada ya kifo cha Jafari. Na hoja yake ya kwanza si ushahidi, ni ubwana. "Binti wa ukoo ule hawezi." Mabinti wa koo zote wanaweza.

#25 Kijiwe Nongwa
Shangani leo haina mpinzani. Naongeza kashata.

#26 Chuma Ulete
Wote mnazunguka. Kuna Yahya mwingine, Yahya bin Abdallah, wa kizazi cha Hasan bin Ali, aliyeasi huko Daylamu. Fadhili alikwenda akamtoa kwa amani ya maandishi mwaka 792. Harun baadaye akamtia mikononi mwa Jafari amfunge. Jafari akamwachia! Kimyakimya. Hii imo kwa Tabari, si hadithi ya kijiweni. Waziri anayemwachia adui wa dola kwa huruma yake binafsi, ungemfanya nini? Sasa mniambie mimi ndiye mtu wa njama.

#27 Kalamu ya Tete
Chuma Ulete, hapo umenena, na bila moto. Ila angalia: hilo linawafanya wapenzi wa Bani Ali, si maadui wa Uislamu kama ulivyoanza.

#28 Chuma Ulete
Nitaanza upya kesho.

#29 Hirizi ya Baba
Mie ni Shia Ithnaasheri wa hapa Dar, niongeze familia moja mliyoiruka. Bani Nawbakht. Babu yao alikuwa mnajimu wa Kizoroastria. Khalifa Mansur alipotaka kujenga Baghdad, Nawbakht pamoja na Mashallah, Myahudi wa Basra, na wengine wakapiga falaki wakachagua siku: 30 Julai 762. Chuma Ulete, huyu sasa ndiye wa moto. Mwanawe Abu Sahl alitafsiri vitabu vya nyota kutoka Kiajemi kwenye hazina ya vitabu ya Harun. Halafu wajukuu na vitukuu wakageuka nguzo za Ushia: Hasan bin Musa aliyeandika kitabu cha makundi ya Shia, Abu Sahl Ismail mwanatheolojia, na Husayn bin Ruh, balozi wa tatu wa Imamu aliye ghaibu, aliyefariki 938.

Baramika walidumu vizazi vitatu vya nguvu. Hawa walidumu zaidi ya miaka 150 kwa sababu hawakushika hazina. Nyota na vitabu havimtii mfalme wivu.

#30 Ustadh wa Kuze
Ahsante, ndugu. Na tusiwasahau maimamu wa hadithi: Bukhari, Muslim wa Nishapuri, Abu Daud wa Sijistani, Tirmidhi, Nasai, Ibn Majah wa Qazwini. Wote sita Waajemi!

#31 Kalamu ya Tete
Ustadhi, taratibu. Wote sita wa nchi za Kiajemi, sawa. Lakini Muslim ni al-Qushayri, Tirmidhi ni as-Sulami, Abu Daud ni al-Azdi. Hizo ni nisba za makabila ya Kiarabu. Wengine huwa ni mawali waliobeba jina la kabila lililowalea, wengine ni Waarabu waliohamia Khurasani tangu ushindi. Hata jeshi lililowaangusha Bani Umayya, makhalifa waliotangulia, mwaka 750 lilikuwa na Waarabu wengi wa Khurasani ndani yake. Baada ya vizazi vitatu unakuta Mwarabu anayeota Kiajemi na Mwajemi anayefundisha Kiarabu. Nani kati yao ndiye "Mwajemi" wa mleta mada?

#32 Bint Shangani
Na hao matabibu wa Bukhtishu. Walitoka Gundishapuri, Mansur alimwita Jurjisi mwaka 765. Wakristo wa Kinestori, wanasali na kuandika Kisiria. Jina lenyewe nusu Kiajemi nusu Kisiria: "aliyeokolewa na Yesu". Utawaweka fungu gani? Watafsiri wakubwa wa Kiyunani waliokuja baadaye, Hunayni na wanafunzi wake, ni Wakristo wa Kisiria. Mleta mada akisema "elimu yote", atuachie na sie wengine.

#33 Mzigo wa Karanga
Nafuta "yote". Naweka "mlango". Waliofungua mlango na kulipa ni wao.

#34 mshirazi_halisi
Ndo maana sisi Washirazi tuna akili za utawala. Damu ile.

#35 Mtoto wa Ruwi
Kaka, Balkh na Shirazi ni mwendo wa wiki kadhaa kwa ngamia. Na hao wa Balkh hawakupanda jahazi. Ukoo wako uanzishie uzi wake, tutakuja na kahawa.

#36 Kijiwe Nongwa
Mimi pia nina damu ya utawala, ila ilitolewa yote nilipopimwa malaria.

#37 Hirizi ya Baba
Turudi. Mnaosema Harun aliwafyeka Waajemi mnakosea hesabu. Aliifyeka familia moja. Alikufa 809, watoto wake wakapigana, na mmoja wao, Maamun, akakaa Marw, Khurasani, akiwa na waziri gani? Fadhili bin Sahl, mtu wa Sarakhsi, aliyesilimu utu uzimani kutoka Uzoroastria. Cheo chake kilikuwa "mwenye uongozi wa aina mbili", wa kalamu na wa upanga. Jemadari aliyeiteka Baghdad mwaka 813? Tahiri bin Husayn wa Bushanji, karibu na Herati. Huyo alipewa Khurasani mwaka 821, mwaka uliofuata akaacha kumtaja khalifa kwenye hotuba ya Ijumaa, akafa mara moja, na bado watoto wake wakarithi hadi 873.

#38 Karani Mstaafu
Na mwanawe Abdallah aliwakusanya mafakihi wakaandika kitabu cha sheria za karezi, ile mifereji ya chini ya ardhi, kwa sababu wakulima waligombania maji na vitabu vya fikihi havikuwa na jibu. Nawaambia ni masijala.

#39 Bint Shangani
Fadhili bin Sahl naye aliuawa, tena bafuni, Sarakhsi, mwaka 818. Mtindo haukubadilika.

#40 Ustadh wa Kuze
Na nduguye Hasan akachanganyikiwa kwa majonzi. Lakini mwaka 825 binti yake Burani akaolewa na Maamun huyohuyo, harusi iliyotajwa karne na karne: wageni wakamwagiwa vidonge vya miski, ndani ya kila kidonge kijikaratasi, ukikifungua waona umepata shamba, au mtumwa, au farasi.

#41 dogo_wa_kata
Na mimi nilipewa pilau na soda moja.

#42 Kijiwe Nongwa
Afadhali wewe. Kwenye Alfu Lela Ulela kuna Barmaki mmoja alimkaribisha maskini, akawa anamwandalia sahani tupu: onja hiki kitoweo, onja na hizi kunde za hewa. Maskini akajifanya anakula, anasifu, mwishoni akajifanya amelewa divai ya hewa akamzaba kofi la kweli.

#43 Mtoto wa Ruwi
Lakini mwisho akapewa chakula cha kweli, usikate kisa. Na sifa yao ya ukarimu haikuwa ya hewa. Inasimuliwa kwamba waombaji mlangoni kwa Khalid walikuwa wakiitwa "waombaji", akaona ni aibu, akaamuru waitwe "wageni". Na mama wa Jafari alionekana siku ya Idi baada ya anguko, kavaa vibaya. Akasema Idi moja vijakazi 400 walisimama kichwani pake. Leo anataka ngozi mbili za kondoo, moja ya kutandika na moja ya kujifunika.

#44 Mzigo wa Karanga
Hiyo ya ngozi sitamsomea mtoto.

Swali la pembeni: Abunuwasi alikuwa wapi katika haya yote?

#45 Ustadh wa Kuze
Abunuwasi wa kweli, Abu Nuwasi, mshairi, mama yake Mwajemi wa Ahwazi. Alipobisha kwa Baramika alimkuta Abani al-Lahiqi mlangoni, yule aliyewatungia Kalila na Dimna, hadithi za wanyama, kwa mashairi ili waihifadhi. Abani ndiye aliyekuwa akipima mashairi na kukata zawadi. Abu Nuwasi hakuridhika na kipimo, akamtungia tusi linalosomwa hadi leo. Huyo wetu wa punda na sufuria iliyozaa ni mwengine, alipanda jahazi akiwa ameshabadilika.

#46 Hirizi ya Baba
Mleta mada, umeuliza jambo tangu #1 na hakuna aliyekujibu: Jafari alikuwa na kwake?

Alikuwa nako. Kasri upande wa mashariki wa Tigri. Baada yake ikawa ya Maamun. Maamun akampa Hasan bin Sahl, baba wa Burani, ikaitwa Hasani. Baadaye ikarudi, na makhalifa waliporejea kutoka Samarra, mji mkuu wao wa muda, kasri lao kubwa likakua kuizunguka nyumba hiyohiyo. Khalifa alihamia kwa waziri, kama ulivyosema, mpangaji.

#47 Bint Shangani
Umeruka kipande kimoja. Jafari alipoijenga, watu wakaanza kunong'ona inazidi za khalifa. Rafiki yake mmoja akamshauri: ukiulizwa, sema umeijenga zawadi kwa Maamun. Akasema hivyo. Harun akafurahi, akamwachia aendelee kuishi humo.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kwa maneno ya Jafari mwenyewe, nyumba haikuwa yake.

#48 Karani Mstaafu
Hati ilikuwa kwa jina la nani?

#49 Chuma Ulete
Mzee na hati zako. Nimerudi, naanza upya.